Mama Ryoba na Miksa ya Kioo

Kwenye kwaya yetu ya hapa Musoma kuna watu wawili ambao huwezi kuwadanganya. Wa kwanza ni mwalimu wa kwaya, ingawa huyo akiwa na usingizi unaweza kujaribu. Wa pili ni Mama Ryoba, anayekaa nyuma kabisa ya kanisa kwenye meza ya mitambo. Ukianza kukwepa noti ya juu, ameshakuona. Ukiwa umegombana na mumeo asubuhi na sauti ikatoka imekaza, ameshakuona. Anakutazama usoni, mkono wake wa kulia unafanya jambo fulani pale mezani, na wewe unajisikia kwenye spika umekuwa mwimbaji mzuri kuliko ulivyo. Mimi ni wa sauti ya pili, na ninajijua: sauti yangu ni kubwa na hasira zangu ziko karibu. Kama kuna Sabato niliyosikika mtamu, sifa ni za mkono ule.

Jina lake hasa ni Rhobi. Alizaliwa kijijini upande wa Butiama, kwenye boma la ng'ombe, akaolewa mjini, na riziki yake ni cherehani. Kibanda chake kimepakana na changu sokoni. Mimi nauza vitenge, yeye anashona, kwa hiyo mteja akitoka kwangu hana pa kukimbilia. Tunagombana karibu kila siku juu ya redio, nani afungue stesheni gani, na ikifika saa ya chai tumeshasahau.

Mitambo aliipata kwa bahati tu. Tulikuwa tumealikwa kuimba kwenye harusi Bunda, naye alikuja nasi kwa sababu sare zetu zilikuwa hazijaisha. Akatafuta kivuli akakipata kwenye meza ya mitambo, akaketi hapo anapinda sketi ya mwisho. Fundi mitambo wetu wa wakati ule alikuwa mtu wa kupenda chakula. Aliposikia harufu ya pilau akainuka, akaenda zake. Hazikupita dakika nyingi spika zikaanza kupiga mluzi, ule mluzi wa kutoboa masikio, bibi harusi akafunika masikio na shela yake. Mama Ryoba, sindano bado iko mdomoni, akanyoosha mkono akashusha kishikio kimoja, akashusha cha pili, mluzi ukakoma. Fundi aliporudi na sahani alikuta mambo yametulia, akaona hakuna haja ya kuharakisha mifupa. Tangu siku ile kazi ikawa ya Mama Ryoba, na yule bwana akabaki na pilau yake.

Ile miksa ya zamani, mashine ya kupanga sauti za maiki, ilikuwa ya vishikio. Kila maiki ilikuwa na kishikio chake kinachopanda na kushuka kwenye mfereji, na vitufe ambavyo ukivibonyeza unasikia ta, unajua imekubali. Kishikio kimoja kilikatika kichwa, yeye akakibandika kifungo cha blauzi. Alikuwa anaiendesha kama anavyoendesha cherehani, macho yako kwa mteja na mikono inajua njia. Ndiyo maana aliweza kututazama sisi.

Masika ya mwaka jana paa la kanisa lilivuja usiku, maji yakaingia kwenye miksa, ikafa. Watu wakachangishana, ndugu zetu wa Mwanza wakaongezea, na baada ya muda tukaletewa mpya kwenye boksi zuri. Tukaifungua wote tukiwa tumesimama. Ilikuwa kioo kitupu. Vishikio vilikuwepo, lakini vimechorwa ndani ya kioo, vinang'aa rangi nzuri nzuri. Unaweka kidole juu ya picha unaisukuma, picha inapanda. Mama Ryoba alipitisha kiganja chake juu yake, taratibu, toka mwanzo hadi mwisho.

"Mbona hamna kitu?" akauliza.

Sasa, kwetu chombo kipya hakitumiki kabla ya kuwekwa wakfu. Tumewahi kuweka wakfu kinanda, ngoma, hata masufuria ya makambi yetu ya ibada. Wazee wa kanisa wanakuja mbele, wanaweka mikono juu ya chombo, na mchungaji anaomba. Sabato iliyofuata miksa ikaletwa mbele, ikawekwa kwenye meza yenye kitambaa cheupe, na ilikuwa imewashwa, maana maiki ya mchungaji ya kuombea ilikuwa imeunganishwa nayo. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria mbele zaidi ya hapo. Mzee Eliasi, mzee kiongozi, aliyekuwaga fundi wa kuchonga mitumbwi na ana viganja vya kazi hiyo, akaweka mikono yake miwili katikati ya kioo. Wenzake wakajaza sehemu zilizobaki.

Mchungaji akasema, "Bwana, pokea chombo hiki," na sauti yake ikapanda yenyewe mpaka madirisha yakatetemeka. Kinanda kikaanza kunguruma bila kuguswa. Maiki zote za kwaya, zilizokuwa zimefungwa, zikafunguka, na kanisa zima likamsikia mwimbaji mmoja wa besi akimuuliza mwenzake kama samaki wa mchana ni sato au ni furu tena. Wengine wakasema haleluya. Mzee Eliasi, macho amefumba, alidhani meza inaanguka, akakandamiza zaidi. Mluzi ukaja, ule ule wa Bunda, lakini huu ulikuwa na nguvu ya vijana. Mama Ryoba alijaribu kuingiza mkono katikati ya mikono ya wazee, akakosa nafasi hata ya kidole kimoja.

"Wazee wangu, toeni mikono!" akapiga kelele. "Toeni mikono!"

Hawakutoa. Nani anatoa mkono katikati ya maombi? Basi akakimbia ukutani akachomoa waya, na mchungaji akamalizia kwa sauti yake aliyozaliwa nayo.

Mimi nilicheka mpaka nikaumwa mbavu, sifichi. Lakini Mzee Eliasi hakucheka. Kwake yeye mtu aliwaambia wazee watoe mikono wakiwa wanaomba, na mbele ya watoto. Juu ya hilo, Sabato zilizofuata zilimpa sababu nyingine. Mama Ryoba hakuwa na namna ila kukiinamia kile kioo. Kidole kikikosea kidogo tu, anashusha maiki ya Gati badala ya kinanda. Gati ndiye mwimbaji wetu wa kuanzisha, ana sauti nyembamba nzuri inayohitaji kubebwa, na wiki hizo ilikuwa inapotea katikati ya ubeti kama tochi iliyoisha betri. Sisi huku mbele tukawa tunaimbia kilemba cha mtu. Hatukuona uso wake tena. Sikujua kama uso wa mtu mmoja huko nyuma ulikuwa unanishikilia hivyo mpaka ulipoondoka.

Mzee Eliasi akamwita baada ya ibada, mimi nikiwepo, maana sikutaka kuondoka.

"Mama Ryoba, mimi sina shida na wewe," akasema. "Lakini hii chombo inataka mtu wa kusoma. Makambi ya Mugango yanakuja, makanisa yote ya ziwani yatakuwepo. Hatuwezi kupata aibu kule. Kijana wetu Gibson atakaa mezani, yeye amesoma."

"Sawa, mzee," Mama Ryoba akajibu.

Sawa! Mimi ningekuwa nimeshavua kiatu. Tulirudi nyumbani, na kesho yake hakuwasha redio. Mchana ndipo aliposema, akiwa anakata kitambaa, "Flora, kushona nashonaga ili nile. Ile meza ndiyo yangu." Nikaenda nikamnunulia soda.

Gibson mwenyewe hakuitaka kazi hiyo. Ni mwalimu wa fizikia wa sekondari, alisomea Mwanza, na anaimba sauti ya tatu. Kwenye mpangilio wetu sauti ya tatu wanasimama jirani kabisa na Gati, na zaidi ya hapo sitasema kitu, wahusika wanajijua. Akaja kibandani siku ya pili, amebeba miksa kwenye boksi lake na simu yake mkononi.

"Mama, mimi nataka ukae wewe," akasema. "Shida ni nini hasa? Uniambie, tuone."

"Kidole hakioni, mura. Zamani kilikuwa kinaona."

Gibson akafikiri kidogo, akaunganisha simu yake na miksa, akabadilisha jambo kwenye mipangilio, akampa. Sasa kila Mama Ryoba alipogusa kishikio kwenye kioo cha simu, simu ilitetemeka kidogo kiganjani. Gibson alikuwa anatabasamu. Mama Ryoba akagusa, ikatetemeka. Akagusa pengine, ikatetemeka. Akafumba macho akagusa tena, ikatetemeka vile vile.

"Hii inaniambia nimegusa," akasema. "Mimi nataka kujua nagusa nini kabla sijagusa. Ikishatetemeka si nimeshamkata Gati?"

Gibson akaacha kutabasamu, akaketi kwenye benchi la wateja. Nilimpenda kwa hilo. Hakubisha, alirudia tu yale maneno polepole, kabla sijagusa, kabla sijagusa, kama mtu anayepima kiatu.

Kilichofuata nilikiona chote maana biashara yangu siku ile ilikuwa imelala. Mama Ryoba alichukua futi yake ya kushonea akaipima ile miksa mapana na marefu, sawasawa na anavyompima mtu kiuno. Akachukua plastiki nene ya kufunikia meza, ile ya kuona upande wa pili, akaikunja mara mbili. Akakata tundu refu jembamba juu ya kila kishikio kilichochorwa, kidole kiweze kuingia na kupanda na kushuka humo humo kisitoke. Pembeni mwa kila tundu akapitisha uzi mnene kwa cherehani, ukawa ukingo. Pale ambapo sauti ya kila mtu inakaa vizuri akafunga fundo. Mwisho akazungushia lastiki kama tunavyofanya kwenye vitambaa vya kochi, akaivalisha miksa. Ikakaa imebana vizuri. Gibson akaweka kiganja chake kizima juu ya plastiki, kama wazee siku ile, na kioo hakikusikia kitu. Kikasikia tu kidole kilichoingia tunduni.

Tukashangilia, na tulishangilia mapema. Mama Ryoba alipiga kitufe fulani pembeni, kioo kikabadilika kikaleta ukurasa mwingine wenye michoro mingine, na matundu yote yakawa yanatazama mahali pasipo na kitu. Tundu la Gati likawa juu ya picha ya saa. Akakaa chini. Kazi yote ya asubuhi ilikuwa ya kumshonea gauni mtu anayebadilika umbo.

"Hapo sasa ni pangu," Gibson akasema. Akaondoka na miksa kwenda nayo shuleni, akarudi kesho yake jioni macho mekundu na furaha tele. Alikuwa ameipekua mpaka akapata namna ya kuufunga ukurasa mmoja usihame, hata ukipigwa na kiwiko. Wakaivalisha tena. Mama Ryoba akafumba macho, mkono ukatembea juu ya nyuzi.

"Gati," akasema, kidole kiko kwa Gati. "Kinanda. Besi. Huyu Flora."

"Mbona fundo langu liko chini kuliko ya wengine wote?" nikauliza.

"Kwa sababu ya wengine wote," akanijibu.

Tulifika Mugango na lori la kanisa, maturubai yakasimamishwa uwanjani karibu na ziwa, jikoni kukaanza kufuka moshi. Kuna watu walitoka Murangi, wengine walikuja kwa mitumbwi kutoka ng'ambo. Gibson alimfuata Mzee Eliasi asubuhi ya Sabato, akamwomba Mama Ryoba akae wimbo wa kwanza tu. Mzee akaitazama miksa ilivyovaa plastiki yake na lastiki. Ilikuwa na sura ya kitu cha jikoni, siwezi kukataa.

"Wimbo mmoja," akasema. "Ikilia ule mluzi, unatoka unampisha Gibson. Mbele ya watu wote."

"Nimesikia, mzee," Mama Ryoba akasema.

Mzee akasimama nyuma ya kiti chake, mikono mgongoni. Sisi tukapanda jukwaani. Meza ya mitambo ilikuwa mwisho wa turubai, jua la saa nne linaipiga moja kwa moja, na hata kutoka kule juu niliona jinsi kioo kilivyogeuka mwanga mtupu. Macho yoyote yangekuwa hayana kazi pale.

Kinanda kikaanza. Gati akavuta pumzi, na kama kawaida yake akaanza chini mno, ile sauti nyembamba ambayo upepo wa ziwa unaweza kuichukua ukaenda nayo Ukerewe. Na hapo nikamwona Mama Ryoba. Alikuwa ameinua uso. Alikuwa anamtazama Gati, kidevu kimenyooka, hakukiangalia kile kioo hata mara moja, na sauti ya Gati ikainuka kutoka kwenye spika, safi, ikafika mpaka kwa akina mama waliokuwa jikoni wakaacha miiko. Tulipoingia wote upepo ukavuma kwenye maiki, mluzi ukataka kuanza, nilisikia kabisa ncha yake. Ukafa hapo hapo. Kisha akanitazama mimi. Akashusha kiganja cha kushoto hewani kidogo tu: Flora, rudi nyuma. Siku nyingine ningenuna. Nilirudi nyuma hatua nzima huku machozi yananitoka, na ubeti wa pili niliuimba kwa pua.

Wimbo ulipoisha watu wakaitikia amina nyingi. Mimi sikungoja, nikashuka nikaenda mezani. Mzee Eliasi alikuwa ameinama juu ya plastiki, anapapasa kwa kidole chake kile kikubwa.

"Hii fundo ni ya nani?"

"Hiyo ni ya Gati, mzee."

"Na hii?"

"Ya mchungaji."

Mzee akapapasa fundo la mchungaji, akaingiza kidole tunduni, akapanda kidogo, akashuka. Maiki ilikuwa imefungwa, hakuna kilichosikika. "Kwa hiyo wewe unaweza kumpunguza mchungaji na hata huangalii?"

"Mbona nampunguzaga kila Sabato, mzee."

Mzee Eliasi akageuka kuangalia kama mchungaji yuko karibu. Hakuwepo. Akarudi kwenye plastiki, kidole kikaendelea kutafuta.

"Mimi niko wapi hapa? Nikitangaza?"

Mama Ryoba akamshika kile kidole kwa heshima, akakiingiza kwenye tundu la pembeni. "Wewe uko hapa. Wewe una mafundo mawili."

"Mawili? Kwa nini mawili?"

"La kwanza la ukianza, mzee. Hilo lingine la ukishapata moto."

Mimi nilijishika mdomo. Kidole cha mzee kikaenda kwenye fundo la kwanza, kikarudi la pili, na mabega yake yakaanza kutikisika kabla hatujasikia kicheko chenyewe. Alicheka mpaka akatoa leso. Kisha akaitwa, maana zamu ya matangazo ilikuwa yake, akapanda jukwaani anajifuta macho. Alianza pole pole, kama anavyoanzaga: karibuni wageni, vyoo viko upande wa kulia. Alipofika kwenye habari ya watu wanaochelewa ibada akapata moto, na mkono wa Mama Ryoba ukahama. Mzee akausikia ukihama. Akakatisha maneno yake, akamtazama kule mwisho wa turubai, naye Mama Ryoba alikuwa anamtazama yeye.

"Na kwenye mitambo," akasema, "mpaka mwisho wa makambi, na tukirudi nyumbani pia, ni Mama Ryoba."

Akaendelea na habari ya wachelewaji.